Ua la Usambara na lahaja za milimani

Kwenye madirisha mengi ya Ulaya na Marekani utakuta chungu kidogo chenye majani ya duara, manene, yenye manyoya laini kama sikio la mwanambuzi, na katikati yake kishada cha maua ya zambarau. Wauzaji huliita ua la Afrika. Wajerumani wana jina sahihi zaidi: ua la Usambara. Yale ya rangi ya waridi, meupe, au yenye ukingo uliokunjamana kama marinda ni kazi ya wakulima wa maua, lakini babu yao ni mmea mfupi unaokaa juu ya mawe yenye kivuli na unyevu katika misitu ya Tanga. Nimewahi kuwauliza wanafunzi waliokulia mkoani humo humo kama wanalijua. Wachache walinyoosha mkono, na karibu wote walikuwa wameliona kwenye simu.

Habari zake za kitabuni zinaanza na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani aliyekuwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Alilituma kwa baba yake Ujerumani, baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliandikisha kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni la ukoo wa yule ofisa. La pili linalifananisha na ua la Ulaya ambalo wala si ndugu yake. Wenyeji wa milima hawakupata hata silabi moja.

Mimi hasa hunivutia swali jingine: kwa nini limejikita katika milima hii?

Kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya, kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge, kuna mlolongo wa milima ya mawe ya kale tunaouita Tao la Mashariki. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo na kuacha mvua juu. Kwa hiyo hata nyakati ambazo tambarare za chini zilikauka na msitu ukageuka mbuga, juu msitu uliendelea kuishi. Kila mlima ukawa kisiwa, na bahari inayouzunguka ni nyasi kavu na jua kali. Mmea unaotaka kivuli na umande haukatizi bahari ya namna hiyo kwa urahisi. Tena mbegu za ua hili ni ndogo mno, hazina mabawa wala nyama tamu ya kumshawishi ndege azibebe mbali. Nyingi huota mita chache kutoka kwa mama yao.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji somo la biolojia ili aelewe kinachofuata, kwa sababu lugha yake mwenyewe ilipita njia hiyo. Watu wa Lamu, Mombasa, Mtang'ata na Pemba walikaa mbalimbali, kila kundi likasema kwa namna yake, na baada ya karne kadhaa tukawa na Kiamu, Kimvita, Kimtang'ata na Kipemba. Hakuna aliyeketi kuzitunga lahaja hizo. Ndivyo ilivyo kwa ua la Usambara. Genge moja lina mimea yenye majani ya manyoya marefu, genge la pili manyoya mafupi. Hapa mmea umejibana kama sahani, kule unatambaa kwenye mwamba.

Je, hizo ni spishi nyingi au ni moja yenye lahaja? Wataalamu wamebishana. B. L. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Edinburgh, aliorodhesha spishi zipatazo 20. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa bustani ya Kew aliipitia hesabu hiyo upya akabakiza 6, na nyingi za zamani akazishusha ziwe nususpishi za ionantha. Mimi naona Darbyshire alikuwa karibu zaidi na ukweli, maana mimea hii ikikutanishwa bustanini huzaana kwa urahisi, kama Mpemba na Mmvita wanavyoelewana sokoni.

Swali hilo ni kubwa kuliko ua moja: mimea yenye maua duniani ina spishi zaidi ya 300,000. Charles Darwin, katika barua ya mwaka 1879 kwa rafiki yake Joseph Hooker, alilalamika kwamba kutokea kwake kwa ghafla katika visukuku ni fumbo linalomchukiza. Fumbo hilo halijaisha lote. Lakini namna spishi moja inavyoelekea kuwa mbili haihitaji visukuku. Inaonekana leo kwenye mawe ya Usambara, ikiwa katikati ya safari.

Jongea sasa ulitazame ua lenyewe. Halina asali ya kumpa mgeni. Lina vifuko viwili vya manjano vilivyojaa chavua, na mdudu anayeitaka lazima avikumbatie, atetemeshe misuli ya kifua chake hadi vitoe unga kama chekecheke. Nyuki wa asali hawajui ujanja huu. Wanaoujua ni nyuki wengine, kama yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, na ndiyo maana humsikia akinguruma ndani ya maua ya nyanya na biringanya. Jambo jingine: katika maua mengine kijiti cha kike kimepinda kulia, katika mengine kushoto. Unga ulioshika ubavu mmoja wa nyuki hufikishwa kwenye ua lililopinda upande wa pili.

Kisha ikaja habari ya nasaba. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walipima vinasaba wakakuta Saintpaulia imezaliwa ndani ya ukoo mwingine, Streptocarpus, ambao baadhi ya watu wake huishi na jani moja tu maisha yao yote. Koo hizo mbili zilikuwa zimetenganishwa kwa sababu matunda ya Streptocarpus hujisokota kama kamba na ya Saintpaulia hayajisokoti. Siku hizi jina lake la kisayansi ni Streptocarpus ionanthus, na lile la ofisa wa Tanga limeshushwa likawa la tawi tu ndani ya ukoo huo.

Basi ukipanda Amani, huko Usambara, siku moja, ukakuta zambarau kwenye jabali kando ya kijito, piga picha uondoke. Usiling'oe. Huenda lahaja hiyo haisemwi kwenye jabali lingine lolote.