Nyambizi Iliyopwelewa na Jina Lake

Mchoraji wa bahari akichora nyambizi iliyopwelewa, asiandike jina lake, huwaachia deni watakaokuja baadaye. W. L. Wyllie, Mwingereza aliyefariki mwaka 1931, ameacha michoro mingi mno katika jumba la makumbusho la Greenwich, na baadhi yake ni mistari michache ya penseli.

Tuseme upo mbele yetu mchoro wa namna hiyo, wa Vita Kuu ya Kwanza: gamba la chuma limelala, maji yamekupwa. Ni chombo gani? Sisi tungeshauri mtu asianze na mnara, maana kwa mbali minara hufanana. Atazame omo na tezi. UC-5 ya Wajerumani, iliyopanda fungu la Shipwash mwaka 1916, ilikuwa na urefu wa mita 34 tu. Topido haikuwa nazo. Ilichukua mabomu 12 ya kutegwa baharini, katika mashimo sita yaliyokuwa upande wa omo. U-118 ilizidi mita 80, ina mzinga mkubwa wa sentimita 15, na mabomu yake yalitokea tezini. Kama mchoraji ameweka watu kando ya chombo, na kwa kawaida huwaweka, basi ametupa kipimo.

U-20 nayo ilipanda pwani ya Denmaki mwaka 1916, na mabaharia wake wenyewe wakailipua. Omo nzima haipo tena. Hiyo ndiyo iliyozamisha meli ya abiria Lusitania mwaka 1915, wakafa watu karibu 1,200.

Hapo ndipo kosa la jina linapokuwa si dogo. U-118 ilikwisha kusalimishwa, vita imekoma, kamba ya kuivutia ilipokatika Aprili 1919, bahari ikaitupa Hastings, mbele ya hoteli. Watu wakamiminika kuitazama kama tamasha. Walinzi wawili wa pwani, waliokuwa wakiwatembeza wageni ndani yake, waliugua kwa hewa ya sumu ya humo, na baadaye wakafariki. Anayeandika U-20 chini ya mchoro wa Hastings anawafuta wawili hao, na kuleta wafu wa Lusitania mahali wasipohusika.

Chombo hicho kilikatwa vipande hapo hapo ufukweni kabla mwaka haujaisha. Lakini picha zake zilipigwa kwa wingi, zikauzwa kama kadi za posta, na mstari wa paa za nyumba nyuma yake unaonekana wazi. Kuziweka kando ya mchoro ni kazi ya asubuhi moja.