Ufadhili wa Utafiti wa Usafirishaji Unganishi wa Mizigo na Nafasi ya Lugha: Mfano wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba hufanya kazi ambayo viwanja vingi vya Afrika Mashariki havifanyi. Nairobi husafirisha maua na mboga kwa ndege kwa sababu mzigo huo huharibika haraka na bei yake sokoni hufidia nauli. Entebbe husafirisha samaki kwa sababu hiyohiyo. Kutoka Juba, ndege zimebeba mtama na kunde: vyakula vizito, vya bei ndogo kwa kilo, ambavyo kwa hesabu ya kawaida ya uchukuzi havistahili kupanda ndege hata kidogo. Chanzo ni mvua, pamoja na vita. Masika yanapokolea, sehemu kubwa ya barabara za udongo za Jonglei, Unity na Upper Nile hazipitiki, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) hulazimika kudondosha magunia kutoka angani. Ndege aina ya Ilyushin Il-76 hudondosha takriban tani 30 kwa safari moja. Tishari moja la mtoni hubeba mamia ya tani.

Makala haya yanafafanua jinsi hali hiyo inavyopaswa kuathiri namna fedha za utafiti wa uchukuzi zinavyoombwa na kutolewa katika ukanda huu, na kwa nini lugha ni sehemu ya hesabu hiyo.

Istilahi na uhalisia

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980, uliopitishwa Geneva, ulieleza kuwa usafirishaji wa aina hii ni ule unaotumia angalau njia mbili za uchukuzi chini ya mkataba mmoja, huku msafirishaji mmoja akibeba dhamana ya mzigo mwanzo hadi mwisho. Mkataba wenyewe haujaanza kutumika kisheria, lakini fasili yake ndiyo iliyoenea. Kwa hiyo “usafirishaji wa njia nyingi”, istilahi inayojitokeza kwanza mtu anapotafuta neno la Kiswahili, haitoshi, kwani inahesabu njia tu. Kiini ni muungano wa njia hizo. Ndiyo maana makala haya yanatumia “usafirishaji unganishi”.

Kwa kipimo hicho, shehena ya kibiashara inayofika Juba ina njia nyingi lakini muungano wake ni dhaifu. Hutoka Mombasa kwa lori au kwa reli, hupita Malaba au Busia, hupanda hadi Gulu, kisha huvuka mpaka kati ya Elegu na Nimule. Kilomita 192 za mwisho ni barabara ya lami iliyojengwa kwa fedha za Marekani kupitia USAID na kufunguliwa mwaka 2012. Juba ikifikiwa, bidhaa za kwenda Bor au Malakal hutafuta tishari, lori jingine au ndege. Kila kituo huwa na makabidhiano mapya, na mara nyingi karatasi mpya.

Mvua na siku zinazopotea

Jambo ambalo waombaji wengi wa fedha hulipita haraka ni uhusiano wa makabidhiano hayo na majira. Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, ndicho kipindi cha kujaza maghala ya mashambani kwa barabara. Gunia lililokwama mpakani kwa sababu ya hati yenye kasoro katika mwezi wa Machi halipotezi siku kadhaa tu. Likikosa dirisha la kiangazi, huenda likasubiri hadi Julai na kupelekwa kwa ndege, kwa gharama iliyozidi mara kadhaa na kwa mafuta mengi zaidi. Kwa maneno mengine, moshi wa ndege inayopaa Juba wakati wa mvua unaweza kuwa na chanzo chake katika dawati la forodha miezi minne nyuma. Utafiti wa uendelevu unaopima injini za ndege pekee utakuwa umeanza hesabu mwishoni mwa mnyororo.

Mazoea nayo yana mchango. Operesheni Lifeline Sudan, iliyoanza mwaka 1989 na kutumia Lokichoggio nchini Kenya kama kituo chake kikuu cha ndege, ilijenga ujuzi mkubwa wa kufikisha chakula kwa anga. Ujuzi huo uliokoa maisha ya watu wengi. Lakini mto ulibaki nyuma: mpango wa Japani wa kupanua bandari ya mto ya Juba ulisitishwa kutokana na mapigano, ingawa daraja la Uhuru juu ya Nile, lililojengwa kwa msaada wa nchi hiyohiyo, lilikamilika na kufunguliwa Mei 2022.

Nani hulipia maswali

Mwezi Januari 2006, Baraza Tendaji la Umoja wa Afrika lililokutana Khartoum lilizihimiza nchi wanachama kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Lengo hilo limebaki mbali kwa nchi nyingi, sembuse taifa lililopata uhuru mwaka 2011 na kurudi vitani Desemba 2013. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989 na kurejea baada ya makubaliano ya amani ya 2005. Taasisi yenye historia hiyo haiwezi kulaumiwa kwa kukosa maabara ya uchukuzi.

Fedha kubwa basi hutoka nje. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya (2021–2027) ulianza na bajeti ya takriban euro bilioni 95.5, na mojawapo ya mafungu yake linahusu tabianchi, nishati na usafiri. Kanuni yake ya kawaida hutaka taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti wanachama au washirika. Taasisi ya Juba inaweza kuongezwa, ila mara nyingi huongezwa swali likiwa limeshaandikwa. Swali hilo huwa la vifaa: vihisi, lakiri za kielektroniki, mifumo ya kufuatilia makasha kama ule ulioanzishwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2017. Vifaa hivyo vina manufaa ya kweli. Vinaonyesha kwamba lori limesimama. Kwa nini limesimama, dereva ndiye anayejua, na dereva huyo huzungumza Kiswahili.

Lugha nyingi, mzigo mmoja

Hati za shehena zimeandikwa kwa Kiingereza, lugha rasmi ya Sudan Kusini. Madereva na utingo wa masafa marefu hupanga kazi kwa Kiswahili hadi Nimule. Wapakuaji wa Juba hutumia zaidi Kiarabu cha Juba, pamoja na Kibari, na mtoni huongezeka Kidinka, Kinuer na Kishilluk. Rubani na mwongoza ndege hurudi kwenye Kiingereza cha anga, ambacho Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekiwekea viwango vya umilisi.

Si kwamba lugha hizi ni ngeni kwa zenyewe. Shehena, forodha, mizani na hamali ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na msemaji wa Kiarabu cha Juba anaweza kutambua baadhi yake. Mengine hupotosha: Mswahili akisema mzigo uko “tayari”, sikio la mwenyeji liko karibu na tayara, yaani ndege. Isitoshe, Wasudani Kusini wengi waliolelewa ukimbizini Kenya na Uganda, wakiwemo wa kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, wamerudi na Kiswahili. Hao ndio wakalimani wasio rasmi wa mnyororo huu, na hakuna fungu la bajeti linalowataja.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inaweza kuwa mshirika halali katika ombi la utafiti wa uchukuzi. Kazi yake haitakuwa kutafsiri ripoti iliyokwisha kuandikwa. Itakuwa kusanifu orodha ya istilahi za makabidhiano kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba, kisha kuijaribu Elegu, bandarini na kwenye banda la mizigo la uwanja wa ndege, kwa kupima saa za kusubiri kabla na baada.

Washauri wa sera watakaopokea ombi la namna hiyo waangalie tarehe ya kuanza. Ruzuku inayotolewa Mei humfikisha mtafiti Juba malori yakiwa yameshapungua barabarani, na data ya kiangazi itangoja hadi Desemba.