Mbona theluji ya Machi hukaa nyasini na kutoweka kwenye lami?

MKENYA anayeshuhudia kwa mara ya kwanza theluji ya mwishoni mwa majira ya baridi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, hujikuta mbele ya kitendawili. Akichungulia dirishani asubuhi, huona nyasi zimefunikwa kwa weupe, ilhali barabara na vijia vya wapita kwa miguu, hatua chache tu kutoka hapo, ni vyeusi na vimelowa kana kwamba ilinyesha mvua ya kawaida.

Wingu lilikuwa moja na theluji ni ile ile. Kilichotofautiana ni mahali ilipotua.

Chanzo kikuu ni jua. Kufikia Machi 21, jua la adhuhuri mjini Boston hupanda angani hadi kimo kinachokaribia mara mbili ya kile cha Desemba 21, nao mchana huwa umerefuka. Lami, kwa sababu ya weusi wake, hufyonza sehemu kubwa ya miale inayoifikia, hata siku za mawingu. Joto hilo hupenya hadi kwenye kokoto na udongo ulioshindiliwa chini yake, likahifadhiwa humo. Yeyote aliyewahi kukanyaga lami kwa miguu mitupu baada ya magharibi anaijua hali hiyo: nyasi za kando zimekwisha kupoa, lakini barabara ingali na vuguvugu.

Nyasi hazina akiba kama hiyo. Jani ni jembamba, na joto lake huisha upesi. Aidha, baina ya majani mna hewa iliyonaswa, nayo huzuia joto la udongo kupanda, kama ifanyavyo hewa iliyomo katika nyuzi za blanketi. Theluji hutua kwenye ncha za majani, mbali na joto la ardhi. Wakulima wa Kinangop wanaifahamu hasara ya hali inayofanana na hii, kwani sakitu huweza kuunguza majani ya viazi usiku wakati udongo wenyewe haujaganda.

Hata hivyo, akiba ya lami ina kikomo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto linalokaribia lile la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzijoto 0 hadi 80. Kila chembe inayotua huchota sehemu ya joto hilo. Theluji ikianguka kidogo kidogo, lami humudu kuiyeyusha. Ikianguka kwa kasi, hasa usiku, lami hupoa na kuanza kufunikwa sawa na nyasi.

Ndivyo ilivyotukia Boston mwaka 1997. Mnamo Machi 31 mvua iligeuka kuwa theluji, na kufikia Aprili 1 zaidi ya sentimita 64 zilikuwa zimepimwa katika uwanja wa ndege wa Logan. Barabara hazikusalimika. Siku 20 baadaye, Mkenya Lameck Aguta alishinda mbio za marathoni za jiji hilo.

Lakini theluji inayoonekana si lazima iwe ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hatari nyingine imo katika lami iliyolowa. Jua likizama na mawingu kutawanyika, maji yaliyotokana na theluji iliyoyeyuka huganda na kuwa utando mwembamba wa barafu. Utando huo huruhusu weusi wa lami kuonekana, na dereva hudhani ni maji tu. Nyasi nyeupe humwonya mtu; barabara nyeusi haimwonyi.

Madaraja hutangulia kuganda. Hayana udongo wa kuyapa joto kutoka chini, na upepo baridi huyapuliza juu na chini. Hivyo dereva anaweza kusafiri salama kilomita kadhaa, kisha akateleza mara tu anapoingia darajani.

Chumvi inayomwagwa barabarani husaidia kwa kuwa hufanya maji yagande katika baridi kali zaidi kuliko kawaida. Lakini maji yakiongezeka huizimua, na baridi ikipita nyuzijoto 9 hivi chini ya sufuri, nguvu yake hupungua sana.

Tofauti hii ya nyasi na lami ndiyo sababu wapimaji wa hali ya hewa nchini humo hutumia ubao uliopakwa rangi nyeupe ili kupima kina cha theluji. Kwa hiyo kina kinachotangazwa redioni si lazima kilingane na kilichopo barabarani.

Kwa muuguzi anayetoka zamu ya usiku kabla ya alfajiri, basi, swali si kama barabara ni nyeupe au nyeusi. Swali ni kama halijoto imeshuka hadi sufuri. Ikiwa imeshuka, weusi wa lami si ushahidi wa usalama, na mwendo unapaswa kupunguzwa kabla ya kufika darajani, si baada ya kuingia.