Mama wa Daraja la Tatu

Kila mwaka ifikapo tarehe 21 Mei, katika makaburi ya Igoma jijini Mwanza, hukumbukwa watu ambao namna walivyokufa inafahamika na kila mwenyeji wa Kanda ya Ziwa, ilhali namna walivyoishi haijaandikwa ipasavyo. Hao ni abiria wa MV Bukoba, meli iliyopinduka na kuzama asubuhi ya Jumanne ya tarehe hiyo mwaka 1996, ikitokea Bukoba kupitia bandari ya Kemondo, wakati safari ya usiku kucha ilipokuwa inakaribia kwisha. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria wapatao 430, na makadirio ya waliokufa yanayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 800. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443, idadi ambayo peke yake ilitosha kuijaza meli. Daraja la tatu, lililokuwa la nauli nafuu, halikuwa na orodha.

Daraja hilo lisilo na orodha ndilo lililokuwa la mchuuzi mwenye mtaji mdogo, na kwa sehemu kubwa mchuuzi huyo wa ziwani alikuwa mwanamke. Kumkumbuka kwa kifo chake tu ni kumpunja, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, mama, na kiongozi wa watu waliomzunguka, na mambo hayo matatu katika maisha yake hayakutengana. Lugha yenyewe inalishuhudia hilo. Mwanamke anayeuza sokoni huitwa kwa jina la mtoto wake, akawa Mama fulani, na jina hilohilo ndilo linalokuwa jina la genge lake, jina la kumdhamini mwenzake anapokopa, na jina linalotajwa mtaani msiba unapotokea na watu wakauliza nani ashike daftari la michango. Msukuma anayemsalimu kwa heshima humwita mayu, yaani mama, hata akiwa amemzidi umri.

Biashara hiyo ilikua zaidi katika miaka ya 1980, wakati mshahara wa mfanyakazi ulipokuwa hautoshelezi mahitaji ya mwezi na bidhaa za dukani zilipoadimika. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyokusudia kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi, iliwatia wachuuzi wengi katika hofu ya kukamatwa, kwa sababu kazi yao haikutambuliwa kuwa kazi. Lakini nyumba nyingi, zikiwemo za waajiriwa wa serikali, zilikuwa zikiendeshwa na kile kilichoitwa mradi wa mama, yaani maandazi, vitumbua, mkaa, samaki wa kukaanga au ndizi. Biashara ilipolegezwa masharti katikati ya muongo huo, wanawake hao hawakuanza jambo jipya: walipata nafasi ya kufanya mchana kweupe kile walichokwisha kukijua.

Ndizi za Bukoba zinaeleza vizuri ugumu wa kazi hiyo. Mkungu wa ndizi za kupika hauna subira. Ukishakatwa, siku chache tu zinatosha kuufanya uanze kuiva, na ndizi iliyoiva haipikwi tena kuwa chakula kikuu, kwa hiyo bei yake hushuka papo hapo. Mchuuzi aliyekwisha kununua mikungu kwa wakulima na kulipa wapagazi hakuweza kusema atangoja meli ya wiki ijayo, hata kama aliiona iliyopo imejaa. Ni rahisi kwa aliyekaa nchi kavu kumlaumu abiria kwa kupanda chombo kilichozidi; lawama hiyo si ya haki, kwa kuwa chakula kinachooza na ratiba ya meli ndivyo vilivyomwamulia, na wajibu wa kuhesabu watu na mizigo haukuwa wake.

Mtaji wake kwa kawaida ulisimama juu ya mali kauli. Huu ni utaratibu wa kuchukua bidhaa bila kulipa kwanza, kwa ahadi ya mdomo kwamba fedha zitaletwa mzigo ukiisha kuuzwa. Mkulima humwachia mchuuzi mikungu, mchuuzi humwachia mwenye genge, na mwenye genge humwachia jirani anayengoja mshahara, hivi kwamba mkungu mmoja huweza kufika jikoni ukiwa umepita katika ahadi tatu au nne. Mali kauli haiandikiwi mkataba wala haiwekewi hati ya nyumba kuwa dhamana. Dhamana yake ni jina, na ndiyo maana mwanamke aliyeaminika katika biashara aliaminika pia katika kushika fedha za wengine.

Hapo ndipo uongozi wake ulipoanzia. Upatu, yaani mzunguko ambamo wanachama huchanga kiasi sawa na kila mmoja hupokea mchango wote kwa zamu, huhitaji mtu anayeitwa kijumbe, ambaye hukusanya fedha, hupanga zamu, na hubeba aibu pale mmoja anapokwama. Vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo huchangia sanda, jeneza, chakula cha matanga na nauli ya kusafirisha mwili, huhitaji mtu wa aina hiyohiyo. Ni kosa kuuita uongozi huo mdogo. Mwezi Septemba 1995, Getrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliongoza akiwa Katibu Mkuu Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing, na dunia ikaisikia sauti ya mwanamke wa ziwa hili; miezi minane baadaye, katika maji ya ziwa hilohilo, walizama wanawake waliokuwa wakiifanya kazi ya Beijing mitaani bila jukwaa.

Kando ya ndizi kulikuwa na samaki. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipovutia viwanda vya minofu kujengwa Mwanza, samaki bora alianza kwenda kiwandani moja kwa moja, na mwanamke aliyezoea kununua mwaloni, yaani mahali pa kuegesha mitumbwi, akabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kuondolewa, ambavyo alivikaanga na kuviuza kwa wasioweza kununua zaidi. Dagaa ndio waliomrudishia nafasi. Huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa uvuvi husimama, kwa hiyo daftari la mwanamke wa dagaa hufuata mwezi wa angani. Asubuhi huwamwaga juu ya chanja au mchangani, huwatandaza kwa mkono hadi pasiwe na dagaa aliyemlalia mwenzake, huwageuza jua likipanda, na jicho lake haliondoki kwenye wingu linalotoka ziwani. Mvua ikiwakuta hawajakauka, rangi yao ya fedha hugeuka, na mzigo uliokuwa chakula cha watu huuzwa kuwa chakula cha kuku. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, gunia hufunguliwa, mnunuzi huchota kiganja, hunusa, na bei huanzia hapo.

Hatari ya maji haikuishia mwaka 1996. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio, kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Ukara, na watu 228 wakafa. Sasa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limewezesha lori lenye ndizi kutoka Kagera kufika Mwanza bila kungoja kivuko. Hilo ni jema kubwa. Hata hivyo, lori lina mwenye lori, na mchuuzi wa mikungu kumi hajapata bado chombo kinachomfaa kama lile daraja la tatu la meli lililompa nafasi ya kusafiri na mzigo wake mwenyewe, akiuangalia.

Katika misiba ya Watanzania, kabla mwili haujateremshwa kaburini au mara baada ya maziko, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, ajitokeze aonane na ndugu. Kwa mchuuzi wa mali kauli aliyezama na MV Bukoba tangazo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa mikononi mwa watu, na daftari, kama lilikuwapo, lilizama pamoja na khanga iliyolifunga. Kilichobaki ni kile ambacho kila mdaiwa alikijua mwenyewe: mikungu mingapi aliachiwa, siku gani, na kwa ahadi gani.