Kwa Nini Bomba la Juu Halitoi Maji? Pima kwa Dumu na Saa



Kwenye foleni ya maji lawama ni nyingi. Walio juu husema walio chini wanawanyima maji. Walio chini husema fundi ndiye mwenye upendeleo. Kabla ya kugombana, tuelewe kwanza maji yanavyotembea ndani ya bomba.

Wengi wetu tunaufahamu mtaa wa Kigobe, Bujumbura, penye jumba la bunge. Maji mengi ya jiji hilo hutoka Ziwa Tanganyika, ambalo liko karibu mita 774 juu ya usawa wa bahari. Kigobe iko juu kuliko ziwa, kwa hiyo maji hayawezi kwenda huko yenyewe. REGIDESO huyasafisha na kuyapandisha kwa pampu. Umeme ukikatika pampu husimama, na walio juu ndio hukosa maji kwanza. Kambini kanuni ni hiyo hiyo.

Mambo matatu yanayoamua nguvu ya maji

1. Kimo. Kila mita 10 kutoka maji ya tangi kushuka hadi bomba lako huongeza presha ya bar 1 hivi. Bomba lililo mita 20 chini ya tangi lina bar 2. Lililo mita 4 tu chini yake halifikishi hata nusu bar.

2. Msuguano. Maji hupoteza nguvu yakisugua kuta za bomba. Mabomba mengi yakifunguliwa pamoja, maji hukimbia zaidi katika bomba kuu. Yakikimbia mara mbili, nguvu inayopotea ni karibu mara nne. Ndiyo maana asubuhi, watu wakiwa wengi, bomba la mwisho hudondosha tu.

3. Unene wa bomba. Bomba lenye upana wa nusu halipitishi nusu ya maji. Kwa presha ile ile, hupitisha karibu sehemu moja ya sita tu.

Pima mwenyewe

Chukua dumu la lita 20 na saa. Kwa kiwango cha misaada ya dharura, bomba moja hutegemewa na watu wasiozidi 250, likitoa lita 7.5 kwa dakika. Dumu lijae kabla ya dakika 3. Hivyo kila mtu atapata lita 15 kwa siku, na bomba litafanya kazi saa 8 na dakika 20.

Dumu likichukua dakika 6, kwa muda huo huo kila mtu atapata chini ya lita 7. Hapo ndipo watu huacha kunawa mikono, au hurudi mtoni.

Pima mara mbili: alfajiri na wakati wa foleni. Ikiwa alfajiri ni haraka na baadaye ni polepole, omba kamati ya maji ipange zamu, au fundi apunguze valvu ya chini. Ikiwa ni polepole saa zote, huenda bomba limeziba, ni jembamba au linavuja.

Tundu dogo, hasara kubwa

Tundu linalojaza chupa ya lita 1 kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku. Hayo ni madumu 72, mgao wa watu 96!

Hatari nyingine haionekani. Presha ikiisha, maji yaliyobaki hushuka na bomba la juu huvuta. Tundu lililokuwa likitoa maji sasa huingiza maji machafu ya mtaroni. Kipindupindu kinaweza kupita hapo. Bujumbura ilitangaziwa mlipuko wake Januari 2023.

Kwa hiyo kumbuka:

- Usitoboe bomba wala usiache mpira umezama kwenye ndoo au dimbwi.
- Ukiona uvujaji, ijulishe kamati ya maji siku hiyo hiyo.
- Maji yakirudi baada ya kukatika, ya kwanza tumia kufulia. Ya kunywa yachemshe, au weka kidonge cha klorini kama ulivyoelekezwa, usubiri dakika 30.
- Mtu akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja. Mnyweshe ORS njiani.

Ukienda kwenye kikao cha kamati, nenda na dakika ulizopima. Lawama hazimsaidii fundi. Vipimo vinamwonyesha pa kuanzia.