Mwanafunzi Akija Kupima Presha Kazini



Ukisimama ufukoni Gisenyi baada ya giza kuingia, utaona taa za wavuvi zimetapakaa juu ya Ziwa Kivu. Ni mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na taa zake huwavuta sambaza waje juu wavuliwe. Wavuvi hao hurudi alfajiri. Saa hizo hizo walinzi wanakabidhiana zamu, wauguzi wa usiku wanamalizia kuandika daftari la wodi, na akina mama wenye vikapu vya mboga wako njiani kwenda mpakani kuuza Goma. Mji wetu hauna saa moja ya kulala kwa watu wote.

Kwa hiyo si ajabu ukimwona mwanafunzi wa udaktari au wa uuguzi akifika mahali pa kazi na kipimo cha presha na karatasi ya maswali. Wanafunzi wa namna hiyo hutakiwa kufanya utafiti kabla ya kuhitimu, na wako wanaochagua habari za usingizi, msongo wa mawazo na maradhi ya moyo. Wenzetu wengi huwatazama kwa shaka. Mtu amelala muda wa saa 4, naye hujibu kwamba alilala 8, kwa kuhofu jina lake lisije likafika kwa mkubwa wa kazi. Hofu hiyo ina sababu, nasi tutairudia. Kwanza tuone wanatafuta nini.

Moyo haulali, lakini hupunguza kazi. Mtu mzima wa afya akilala, presha yake hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20 kuliko ya mchana. Hayo ndiyo mapumziko ya moyo na mishipa. Mtu ambaye presha yake haishuki usiku yumo katika hatari kubwa zaidi ya moyo na ya kiharusi, hata kama ile ya mchana yaonekana nzuri. Ndiyo sababu watafiti wenye vifaa humfunga mtu mshipi mkononi kwa saa 24, nao hujipima wenyewe kila baada ya muda mfupi, hata akiwa kitandani. Asiye na chombo hicho huuliza tu: ulilala lini, uliamka lini, unakoroma, unasinzia kazini?

Atauliza mfanyakazi wa usiku, je, si kweli kwamba mwili huzoea? Swali hilo lilijaribiwa zamani. Mwaka 1938 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Nathaniel Kleitman, aliingia na mwanafunzi wake Bruce Richardson katika pango la Mammoth, jimbo la Kentucky, Marekani. Walikaa humo siku 32 bila kuona jua, wakijaribu kuishi kwa siku ya saa 28. Mwanafunzi alizoea. Mwalimu, aliyekuwa na umri wa miaka 43, alishindwa: joto la mwili wake liliendelea kupanda na kushuka kwa kufuata saa 24, kana kwamba bado yuko nje. Mlinzi wa usiku ana taabu zaidi ya hao wa pangoni, kwa maana yeye hurudi nyumbani jua linawaka, watoto wanacheza na jirani anapiga misumari.

Tusiwadharau wanafunzi basi. Mwanafunzi mwingine wa Kleitman, Eugene Aserinsky, ndiye aliyegundua kwamba usiku hupita vipindi ambavyo macho ya mtu aliyelala huenda mbio chini ya kope, na pumzi na mapigo ya moyo hubadilika pia. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1953.

Msongo wa mawazo nao huingia kwa mlango huo huo. Mtu akishtuka, mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo hupiga mbio na mishipa hukaza. Hatari ikipita, hutulia. Taabu huja pale hatari isipopita. Sisi wa Gisenyi twajua: Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku kadhaa, nyumba zikapasuka, na watu wengi wakalala nje. Januari 2025 vita vilipofika Goma, makombora yaliua watu upande huu wa mpaka. Ongeza deni la duka na kodi ya nyumba. Mtu hulala sikio moja li wazi.

Saa za kazi nazo zimo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma wana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 17, wakilinganishwa na wa saa 35 hadi 40.

Hapa pana mtego ambao mwanafunzi asiye makini hunaswa nao. Akiwapima walinzi wa usiku na kuwakuta wazima, aweza kuandika kwamba zamu ya usiku haidhuru. Lakini wale ambao presha iliwashinda wameshaacha kazi au wamehamishiwa mchana. Waliobaki ni wale wenye nguvu. Mwambieni awatafute na waliotoka. Kadhalika aulize umetoka zamu gani, na kabla ya kupima akuache ukae dakika 5, mkono umewekwa juu ya meza. Kipimo cha mtu aliyepanda ngazi mbio, au aliyemaliza kahawa sasa hivi, hakina maana.

Turudi kwenye hofu. Nchini Rwanda utafiti juu ya watu hupaswa kupitishwa na kamati ya maadili. Omba kuona barua hiyo. Usomewe karatasi ya ridhaa kwa Kinyarwanda au lugha unayoielewa. Fomu iwe na namba, wala si jina, na mwajiri asipewe majibu ya mtu mmoja mmoja. Una haki ya kukataa, au kuacha katikati, bila adhabu. Presha ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, uambiwe papo hapo, uende kituo cha afya ukapimwe tena siku nyingine, kwa maana kipimo kimoja hakitoshi. Na sisi tunaona ni haki mwanafunzi akimaliza arudi kwenye mkutano wa wafanyakazi kueleza alichokikuta, kabla hakijafungiwa kabatini chuoni.

Masharti hayo yakitimia, ukiulizwa ulilala saa ngapi, taja zile ulizolala kweli, pamoja na zile za kwenye kiti cha getini.