Pombe haramu Kenya: kwa nini huua na kupofusha

Mwezi Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki dunia baada ya kunywa pombe haramu katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, nchini Kenya. Baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona. Serikali ilieleza kuwa pombe hiyo ilikuwa imekwisha kukamatwa na kuhifadhiwa polisi kama kidhibiti, kisha ikaibwa na kurudishwa sokoni. Miaka kumi kabla ya hapo, Mei 2014, zaidi ya watu 60 walikufa kwa namna hiyo hiyo katika kaunti kadhaa, ikiwemo Embu.

Kila mkasa wa aina hii unapotokea, lawama huelekezwa kwa chang'aa, ambayo Tanzania hujulikana kama gongo. Lawama hiyo haijakamilika. Chang'aa inayopikwa kwa nafaka au sukari ni kali na ina madhara yake, lakini kwa kawaida haina methanoli ya kutosha kuangamiza watu kwa mkupuo. Muuaji mara nyingi ni methanoli ya viwandani, inayotumika katika rangi na viyeyusho, ambayo wauzaji huichanganya na kinywaji ili kukiongezea ukali kwa gharama ndogo.

Methanoli hufanana mno na ethanoli, yaani kilevi cha kawaida, kwa rangi, harufu na hata ladha. Hakuna mnywaji, hata awe mzoefu kiasi gani, anayeweza kuitambua kwa ulimi. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo huzuia seli za mwili kutumia oksijeni, na neva za macho ni miongoni mwa sehemu zinazodhurika mapema.

Hatari kubwa imo katika ucheleweshaji. Dalili huweza kujitokeza saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, au baadaye zaidi iwapo kinywaji kilikuwa na ethanoli pia, kwa kuwa ini huanza kuishughulikia hiyo. Mgonjwa huamka na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na tumbo kuuma, akadhani ni uchovu wa ulevi wa jana. Wapo wanaoamua kuzimua kwa pombe ile ile. Macho yanapoanza kuona ukungu na pumzi kwenda mbio, sumu imekwisha kuenea.

Hospitalini, madaktari hutumia dawa iitwayo fomepizoli, au ethanoli inayopimwa kwa uangalifu, ili kulizuia ini lisiendelee kuzalisha asidi. Walio mahututi husafishwa damu kwa mashine. Tiba hiyo haiwezi kuigwa nyumbani, kwani aliyekwisha kulishwa sumu hajui kilichomo katika chupa ya pili. Kwa sababu ya ucheleweshaji huo, wote waliokunywa kutoka chombo kimoja wanapaswa kupelekwa hospitali mara mmoja wao anapougua, hata wale wanaojihisi wazima. Wengi hawaendi, wakihofia kukamatwa.